Njaa na Shibe katika Maisha ya Mtoto wa Kamba

(Somo la Elimu ya Viumbe)

Kila mtu wa pwani amjua kamba akiwa katika mchuzi wa nazi, lakini ni wachache wamjuao akiwa mtoto. Somo letu la muhula huu lahusu utoto wake, na hasa jambo moja la utoto huo, nalo ni njaa. Tutauliza maswali matatu. La kwanza, mtoto wa kamba akikosa chakula, hutumia nini mwilini mwake apate kuishi? La pili, aweza kungoja mpaka lini? La tatu, akipata chakula tena, je, huwafikia wenzake waliokula siku zote, au hubaki nyuma yao?

Maswali haya yaonekana madogo, lakini hayahusu kamba peke yake. Yahusu mvuvi anayetegemea kamba wa mwaka ujao, yahusu mfugaji mwenye bwawa, na yahusu mikoko yetu.

1. Kamba tunayemsema

Tusichanganye maneno. Kamba tunayemsema hapa ni mnyama wa majini, si kamba ya kufungia ng'ombe. Wala si kamba-kochi, ambaye ni mkubwa na hukaa miambani. Wala si uduvi, ambao hubaki wadogo hata wakiwa wazima. Katika delta ya Rufiji na pwani ya Bagamoyo huko Tanzania, na katika ghuba ya Ungwana huko Kenya, wako kamba wa namna kadhaa. Wanaojulikana sana ni kamba mweupe, ambaye wataalamu humwita Penaeus indicus, na yule mkubwa mwenye mistari mwilini, Penaeus monodon.

Kamba ni ndugu wa kaa. Hana mifupa ndani, bali mwili wake umevikwa gamba gumu kwa nje. Gamba hili halikui. Kwa hiyo mwenyewe akitaka kukua hana budi kulivua na kuvaa jipya. Mkumbuke sana jambo hili, maana ndilo ufunguo wa somo lote. Mtoto wa mbuzi huongezeka kidogo kidogo kila siku. Mtoto wa kamba hupanda ngazi, kipandio baada ya kipandio, na kila kipandio ni gamba moja lililovuliwa.

2. Vipandio vya utoto

Kamba jike hutaga baharini wakati wa usiku, na mayai yake huhesabiwa kwa malaki. Muda usiofikia siku moja mayai huanguliwa. Kinachotoka hakifanani na kamba hata kidogo: ni kidudu kisichoonekana vizuri ila kwa darubini, chenye jozi tatu za miguu na jicho moja. Huyu huitwa nauplio. Nauplio hali kitu. Huishi kwa kiini cha yai alichoachiwa na mama yake, kama msafiri aliyefungiwa chakula cha njiani. Kwa muda wa siku mbili hivi huvua gamba mara kadhaa, na chakula chake cha njiani huisha.

Hapo huwa zoea. Zoea ana kinywa kinachofanya kazi, na yampasa ale mara moja. Chakula chake ni mimea midogo mno ielekeayo majini, na hasa ile iitwayo daiatomu. Baada ya vipandio vitatu vya zoea huwa misisi, ambaye huogelea kichwa chini na huanza kukamata wanyama wadogo. Misisi naye ana vipandio vitatu. Kisha ndipo apatapo umbo la kamba mchanga. Tangu kuanguliwa hata kufika hapo ni siku kumi au kumi na mbili katika maji yenye joto. Kamba mchanga huyu husukumwa na mikondo na maji ya kujaa mpaka kwenye vijito vya mikoko, naye hukaa humo miezi michache akila na kukua, kisha hurudi baharini akiwa mkubwa.

Hatari kubwa ya njaa iko mlangoni mwa zoea. Jambo hili lilidhihirika huko Japani katika miaka ya 1930. Mtaalamu mmoja, Motosaku Fujinaga, alifaulu kuwafanya kamba wa nchi yake watage mbele ya macho yake, lakini kupata mayai hakukuwa mwisho wa kazi. Viluwiluwi walipomaliza kiini cha yai walihitaji chakula cha namna yao, tena papo hapo. Shida hiyo ilipata dawa walipolishwa daiatomu mmoja aitwaye Skeletonema, aliyekuzwa makusudi kwa ajili yao. Fujinaga alichapisha habari za kazi yake mwaka 1942, na ufugaji wa kamba wa leo ulimwenguni umejengwa juu ya msingi huo.

3. Njaa inapoingia mwilini

Sasa na tutazame ndani ya mwili. Nyuma ya kichwa cha kamba, chini ya gamba, iko tezi moja kubwa ya rangi ya kahawia. Tezi hii hufanya kazi ambazo kwetu zafanywa na ini na kongosho. Hutoa vimeng'enya vya kuyeyushia chakula, hufyonza kilichoyeyuka, na tena huweka akiba. Kwa mtoto wa kamba ni mkoba, jiko na ghala pamoja. Akiwa ameshiba, seli za ghala hii huonekana kwa darubini zimejaa matone ya mafuta.

Chakula kikikatika, mwili hufanya kama mama wa nyumba mwenye busara mwaka wa ukame. Kwanza hupunguza matumizi. Mtoto wa kamba mwenye njaa huvuta oksijeni kidogo kuliko aliyeshiba, na kazi ya kutengeneza mwili mpya husimamishwa. Pili, hutumia kilicho karibu, yaani sukari iliyo katika damu na akiba ndogo ya wanga iitwayo glikojeni. Hii haikai sana. Tatu, hufungua ghala ya mafuta. Matone yale huanza kupungua, na mirija ya tezi hunywea. Nne, huanza kuvunja nyumba yenyewe ili kupata kuni. Hutumia protini ya damu, ile yenye shaba ambayo huchukua oksijeni mwilini, na protini ya misuli ya mkia.

Lakini tusidhani kuwa mambo haya hungojana kama watu waliopanga mstari. Mara nyingi hufuatana huku yakiingiliana, na kamba hutumia protini mapema kuliko wanyama wengi tuwajuao, kwa sababu mafuta yake si mengi. Umri nao una neno lake. Kamba mchanga mwenye misuli ana cha kuvunja, zoea hana.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo huwadanganya wengi. Mtoto wa kamba mwenye njaa hakondi kwa macho. Gamba lake ni gumu, halisinyai, na mahali palipotoka mafuta na nyama huingia maji. Umbo ni lile lile, na hata uzito kwenye mizani hupungua kidogo tu. Ukimtazama utasema yu mzima; kumbe ndani yake mna maji mengi kuliko nyama.

Joto nalo huharakisha mambo. Kamba hana joto lake mwenyewe, bali hufuata joto la maji. Maji yakiwa ya moto zaidi, mwili huenda mbio zaidi na akiba huisha mapema. Basi siku tatu za njaa katika maji ya baridi si sawa na siku tatu za njaa katika kidimbwi kilichochomwa na jua.

4. Mpaka usiorudika

Sasa twafika kwenye swali la pili: aweza kungoja mpaka lini?

Watu wengi wangejibu, "Mpaka afe." Jibu hili si sahihi. Uko wakati ambapo kiluwiluwi angali hai, angali anaogelea, na chakula kimemzunguka, lakini hakimfai tena. Wataalamu wa samaki, Blaxter na Hempel, waliuandikia wakati huo mwaka 1963 walipochunguza watoto wa samaki wa baharini. Mwaka 1981 Klaus Anger na Ralph Dawirs, waliofanya kazi katika kisiwa cha Helgoland huko Ujerumani, walitumia wazo hilo kwa viluwiluwi wa kaa, na njia yao imetumiwa baadaye kwa kamba pia. Sisi tutauita mpaka usiorudika.

Njia yao ni nyepesi kueleza. Chukua viluwiluwi wa umri mmoja, uwagawe katika vikundi. Kikundi cha kwanza kifungishwe siku moja, kisha kilishwe. Cha pili siku mbili, kisha kilishwe. Cha tatu siku tatu, na kuendelea hivyo. Tazama wangapi katika kila kikundi watafaulu kuvua gamba na kupanda kipandio kinachofuata. Utaona kwamba waliofunga muda mfupi hufaulu karibu wote, lakini huchelewa. Kadiri njaa inavyorefuka ndivyo wafaulu wanavyopungua. Muda ule ambao nusu yao hushindwa, ijapokuwa wamelishwa baadaye, huo ndio huhesabiwa kuwa mpaka usiorudika.

Kwa nini chakula kisifae? Sababu moja iko katika ile tezi. Seli zake zikiharibika kwa njaa ndefu, hakuna wa kuyeyusha chakula wala wa kukifyonza. Ni kama kumletea mtu gunia la mahindi baada ya kinu, mchi na jiko kuteketea.

Kisha Anger na Dawirs waligeuza jaribio. Safari hii viluwiluwi walilishwa kwanza, kisha wakanyimwa: kikundi hiki siku moja ya chakula, kile siku mbili, na kuendelea. Ikaonekana kwamba baada ya kula kwa muda fulani, kiluwiluwi aweza kufika mwisho wa kipandio chake na kuvua gamba bila kula tena. Amekwisha jaza kibaba chake. Basi kuna mipaka miwili: mmoja wa kuchelewa mno kula, na mwingine wa kuwa na akiba ya kutosha.

Mipaka hii yote miwili yafungamana na kuvua gamba. Mfaransa Pierre Drach, katika mwaka 1939, aliugawa mzunguko wa gamba katika hatua tano, akazipa herufi tangu A mpaka E. Mwanzoni gamba ni jipya na laini, katikati ni gumu, kisha mwili huanza kutengeneza gamba jingine chini ya lile la kwanza, yaani hatua ya D, mwishoni hulivua. Kiluwiluwi aliyekwisha kuingia mwanzo wa hatua ya D akiwa na akiba aweza kuendelea na safari hata akinyimwa chakula. Aliyenyimwa kabla ya hapo husimama njiani.

Kwa sehemu jambo hili laelezwa na kolesteroli. Homoni inayoamuru gamba livuliwe hutengenezwa kwa kolesteroli, na kamba hawezi kuitengeneza kolesteroli mwilini mwake; yampasa aipate katika chakula. Kwa hiyo mlo wa siku za mwanzo haumpi nguvu tu, bali pia vifaa vya kupata ile amri yenyewe.

Tukumbuke basi: kwa kiumbe huyu, swali si "Alikula kiasi gani?" peke yake. Ni "Alikula lini?" Siku moja ya njaa mwanzoni mwa kipandio ina uzito kuliko siku moja ya njaa mwishoni.

5. Chakula kinaporudi

Sasa tumchukue kamba mchanga ambaye hakufika kwenye mpaka ule. Amefunga siku chache, kisha amelishwa. Huwaje?

Kwanza hula sana, kuliko mwenzake wa umri ule ule asiyefunga. Matone ya mafuta huanza kurudi katika seli za tezi. Maji yaliyojaza nafasi mwilini hutoka na nyama hurudi. Uvuaji wa gamba, uliokuwa umesimama, huanza tena, lakini si siku ile ile: yampasa alipe deni la ndani kabla hajapanda kipandio. Ndiyo sababu mwangalizi asiye na subira husema chakula hakikufaa.

Baada ya hapo mara nyingi hukua upesi kuliko kawaida. Jambo hili huitwa ukuaji wa kufidia, na limeonekana kwa kamba wa namna mbalimbali, miongoni mwao kamba wa China na kamba mweupe wa Amerika afugwaye sana duniani. Lakini fidia si sawa siku zote. Njaa ikiwa fupi, kamba aweza kuwafikia wenzake kabisa. Ikiwa ndefu, hukua mbio lakini asiwafikie. Ikizidi, hakuna fidia.

6. Mitego katika kupima

Mwanafunzi anayesoma sayansi hana budi kujua namna ya kupima kabla hajaamini. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiotoka katika bwawa lolote. Kamba wa chombo A na wa chombo B wana uzito wa gramu 1.0 kila mmoja. A walilishwa siku zote 40, wakafikia gramu 3.0. B walifungishwa siku 10, wakashuka hadi gramu 0.9, kisha wakalishwa siku 30, wakafikia gramu 2.7.

A wameongezeka mara tatu kwa siku 40. B, tangu kulishwa, wameongezeka mara tatu kwa siku 30. Basi B wamekwenda mbio zaidi, lakini hawajafika. Hii ndiyo fidia isiyo kamili.

Hata hivyo, kabla ya kukubali, tuulize mambo manne.

(a) Je, twalinganisha wa kimo kimoja? Kila kiumbe mdogo huongezeka kwa kasi kuliko mkubwa. Yafaa tumlinganishe B na A alipokuwa na gramu 0.9, si A wa mwishoni.

(b) Je, twapima nyama au maji? Tumeona kwamba mwenye njaa hujaa maji. Kipimo cha haki ni uzito wa mwili uliokaushwa.

(c) Je, wamebaki wangapi? Ikiwa A walikuwa 100 wakabaki 95, na B walikuwa 100 wakabaki 60, basi A watatoa gramu 285 na B gramu 162 tu. Wastani wa walio hai hausemi neno juu ya waliokufa, na waliokufa huenda ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo.

(d) Je, walifunga kweli? Kamba wenye njaa hulana. Aliyetoka kuvua gamba, angali laini, ndiye huliwa kwanza. Tena hula magamba yaliyovuliwa. Chombo ambacho mtu hakutia chakula si lazima kiwe hakina chakula. Ndiyo sababu wachunguzi wengi humweka kila kamba peke yake.

7. Faida ya elimu hii

Mfugaji atapata mafundisho mawili. La kwanza, katika chumba cha kuangulia hapana ruhusa ya kuchelewa. Daiatomu wawe tayari kabla nauplio hajawa zoea. Mtu anayeanza kuwatafuta baada ya kuona zoea amechelewa. La pili, katika bwawa la kamba wakubwa kidogo, kupunguza chakula kwa muda mfupi huenda kusilete hasara, hasa maji yakiwa yamechafuka, maana chakula kilichobaki huoza chini na kula oksijeni. Lakini kuwafungisha muda mrefu kwa kutumainia fidia ni biashara mbaya: hulana, hudhoofika mbele ya maradhi, na hawawafiki wenzao.

Kwa sisi wa pwani liko fundisho la tatu. Kamba mchanga anayeingia kijitoni ametoka safari ya bahari kuu, na akiba yake ni ndogo. Hapo chini ya mikoko, michu na mililana na mizizi yao, majani yaangukayo huoza, na juu yake hukua vimelea na vijidudu vya kila namna. Hicho ndicho chakula chake, na mizizi ndiyo maficho yake. Mikoko ikikatwa ovyo kwa boriti na mkaa, maji yatazidi kujaa na kupwa kama zamani, na watoto wa kamba wataletwa kama zamani. Lakini mezani hapatakuwa na kitu. Na wakikaa hapo wangali hai siku mbili tatu, mpita njia hataona tofauti. Tumekwisha soma kwamba kuogelea si dalili ya kupona. Kadhalika, avuaye kijitoni kwa chandarua huchukua walewale waliokwisha shinda njaa ya bahari, kabla hawajatoa faida yoyote.

Mwenye nafasi ajionee mwenyewe. Weka kamba mdogo aliye hai katika chupa safi yenye maji ya mahali alipotoka, umtazame kwa kumwelekeza kwenye mwanga. Mwili wake wapenya nuru. Ukiona mstari mweusi mgongoni tangu kichwani hadi mkiani, huo ni utumbo uliojaa. Mstari ukiwa haupo, au umekatikakatika, hajala. Ukimaliza, mrudishe majini upesi.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini nauplio haoni njaa, na zoea huiona upesi?

2. Taja kazi tatu za tezi iliyo nyuma ya kichwa cha kamba.

3. "Kiluwiluwi huyu anaogelea, kwa hiyo akilishwa atapona." Eleza kosa la maneno haya.

4. Mfugaji amepima kamba wake waliofunga siku tano, akaona uzito haukupungua sana, akasema njaa haikuwadhuru. Ungemshauri apime nini?

5. Katika mfano wa vyombo A na B, B wangehitaji kufikia gramu ngapi siku ya 40 ili tuseme fidia ni kamili? Na je, mavuno ya B yangekuwa gramu ngapi ikiwa wamebaki 60?

6. Uliza wazee wa kijiji chenu: vijito gani vilikuwa na kamba wengi zamani, na mikoko yake ikoje leo? Andika majibu yao uyalete darasani.